Mjumbe wa Sayyid Said

Mabalozi wa nchi ndogo nawapa heko kwa moyo wote, na wa kwanza kwangu ni Ahmad bin Naaman. Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, alimtuma kutoka Unguja, naye akatia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 na merikebu Sultana, imesheheni karafuu, pembe za ndovu, kahawa na tende. Katika zawadi alizomletea Rais Van Buren wa Marekani walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ilimkataza Rais kuzifanya zake, zikawa mali ya taifa. Lakini Wamarekani waliikarabati Sultana bila malipo, maana mgeni alijua kuishi na watu. Mchoraji Edward Mooney alimchora: kilemba kichwani, ndevu nyeusi. Mwezi Agosti Ahmad akatweka tanga kurudi nyumbani.