Vichwa vya Kaya Kwenye Fomu I-864

Tuseme kuna mama anayeishi Minneapolis, raia wa Marekani, kwao Kisii. Kila mwezi hutuma pesa nyumbani. Pesa hizo humlisha mama yake mzazi, hulipa karo ya wapwa watatu, na humtunza mwanawe wa kwanza, wa miaka 15, anayelelewa na bibi yake huyo. Minneapolis anaishi na mumewe na watoto wawili wadogo. Sasa anataka kumleta mama yake, na amefikia Fomu I-864, hati ya udhamini anayotakiwa kuitia sahihi. Kaya yake ina watu wangapi?

Ukihesabu sahani za jioni, ni wanne. Ukihesabu wanaoishi kwa M-Pesa yake pamoja na hao wa nyumbani, ni tisa. Fomu inasema sita.

Fomu hii ilianza kutumika tarehe 19 Desemba 1997, kufuatia sheria ya uhamiaji ya 1996. Kabla ya hapo, mahakama za Marekani ziliichukulia hati ya udhamini kama ahadi tu isiyoweza kudaiwa. Ya sasa ni mkataba: mdhamini akikwepa, aliyedhaminiwa mwenyewe anaweza kumshtaki, na serikali iliyomlisha inaweza kudai irudishiwe gharama. (Washindi wa bahati nasibu ya viza hawaihitaji, wala familia ya mkimbizi Mkongo inayomfuata kwa ombi la mkimbizi.) Kwa kuwa ni mkataba, hesabu yake huwafuata watu ambao mdhamini anawajibika kwao kisheria, na ukarimu wake kwa wengine hauulizwi.

Anaanza na anayedhaminiwa, yaani mama. Kisha yeye mwenyewe. Kisha mume, awe ana kazi au hana. Kisha watoto wake wote walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, popote walipo, hata kama sheria haijampa yeye malezi yao. Hapo ndipo mtoto wa Kisii anapoingia. Angekuwa na miaka 19 mambo yangekuwa mengine: maelekezo ya fomu yanaruhusu kumwacha nje mtoto aliyefikia utu uzima kwa sheria ya mahali anapoishi, mradi mdhamini hakumwandika kuwa mtegemezi kwenye ritani zake za kodi. Kenya na Tanzania utu uzima ni miaka 18. Ni rahisi kukiruka kifungu hicho, maana jicho huiona 21 na kuridhika.

Na wapwa? Huingia tu walioandikwa kuwa wategemezi kwenye ritani ya mwaka wa karibuni. Sheria ya kodi ya Marekani nayo hairuhusu kumwandika mtu asiye raia wala mkaazi wa huko, isipokuwa anayeishi Canada au Mexico. Mpwa aliye Kisii hafai kuandikwa hata ukimsomesha kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Aliyemwandika kwa ujanja, ili apunguziwe kodi, amejiongezea kichwa kwenye udhamini na kesi kwenye kodi.

Basi ni sita. Kwa viwango vya 2025, katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii zenye jedwali lao, kaya ya watu sita hudaiwa mapato ya dola 53,937 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Askari aliye kazini anayemleta mwenzi au mtoto hudaiwa asilimia 100 tu. Kila kichwa kinachoongezeka kina bei ile ile, dola 6,875, kiwe cha mtoto anayenyonya au cha mzee, kiwe kinakula Minneapolis au Kisii. Asili ya kiwango hicho ni kazi ya Mollie Orshansky wa Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, ambaye miaka ya 1960 alichukua gharama ya chakula cha bei nafuu na kuizidisha mara tatu. Kilikuwa chakula cha Marekani kwa bei za Marekani. Kumpimia kwa jedwali hilo mtoto anayekula ugali wa shamba la bibi yake ni jambo la ajabu, lakini ofisa wa viza hana ruhusa ya kupunguza.

Bei hiyo moja ya kichwa ndiyo inayompa mdhamini nafasi ya kupanga. Mume amehesabiwa kwa lazima, hivyo hakuna sababu ya kuyaacha mapato yake: atie sahihi Fomu I-864A, yajumlishwe. Dada anayeishi nao nyumba moja, yeye ni wa hiari. Akiingia na dola 24,000 za kazi ya ghala, kaya inakuwa ya watu saba na kinachodaiwa kinapanda hadi 60,812, lakini mapato yanapanda zaidi ya mara tatu ya ongezeko hilo. Akiwa mwanafunzi anayepata dola 5,000, kumwingiza ni hasara. Na aambiwe mapema kwamba sahihi yake inamfunga pamoja na mdhamini.

Kosa jingine ni kumhesabu mtu mara mbili. Asiye na watoto anayemleta mkewe ana kaya ya watu wawili, dola 26,437. Akimwandika mke kama anayedhaminiwa, kisha tena kama mke, amejipandishia hadi 33,312 bure.

Kwangu mimi mzigo mkubwa zaidi ni wale waliokwisha kudhaminiwa zamani. Hubaki kwenye hesabu mpaka wapate uraia, au wafikishe robo 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, au wafariki, au waondoke Marekani moja kwa moja na kupoteza ukaazi. Talaka haimo. Mwanamume aliyemleta mke wakaachana, kisha akaoa tena nyumbani, atamhesabu mtalaka wake siku ya kumleta mke mpya. Mama wa Kisii akifika na miaka 70, robo 40 hatazipata; njia iliyobaki ni uraia, ambao kwa kawaida huombwa baada ya miaka mitano. Kumpeleka darasa la uraia ni kumtoa kwenye hesabu kabla zamu ya kaka wa mdhamini, iwapo naye ameombewa, haijafika.

Maana kaka hafiki peke yake. Ombi la ndugu husubiri zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo watu huoa na kuzaa. Mke na watoto wa chini ya miaka 21 wanaosafiri naye, au ndani ya miezi sita baada yake, wote huingia kwenye hati moja. Mke na watoto wanne pamoja naye ni vichwa sita, dola 41,250 juu ya kaya iliyokuwepo. Mali inaweza kuziba pengo, lakini kwa ndugu ni lazima ifikie mara tano ya kinachopungua. Hapo wengi hutafuta mdhamini mwenza, naye huanza upya kuhesabu vichwa vya nyumbani kwake, huongeza wale anaowadhamini, na hutakiwa kufikisha kiwango kwa mapato ya kaya yake bila kuchangiwa na mdhamini wa kwanza. Wadhamini wenza wawili wanaruhusiwa kuigawana familia: mmoja achukue kaka na mkewe, wa pili achukue watoto wanne.