Ukuta wa Shimo

Fuvu la kale likipatikana, kamera zote huelekezwa kwenye fuvu. Yule aliyeinama tangu asubuhi akikwangua ukuta wa shimo kwa mwiko hana wa kumtazama. Kwangu mimi, ufundi wote uko kwake.

Papai halionyeshi mbegu mpaka lipasuliwe, na wenye kazi zao wanalijua hilo. Daktari hukata kipande chembamba cha ini akakiweka chini ya hadubini. Msanifu huipasua nyumba kwenye karatasi ili fundi aone ngazi inavyopanda. Mtu wa misitu husoma pete za gogo. Huo ndio mkato mtambuka. Mchimbaji wa mambo ya kale yeye hukata ardhi wima, na anachotafuta humo ni muda.

Mkato maarufu kuliko yote huku kwetu haukuchimbwa na mtu. Pale Olduvai, mto wa msimu uliitafuna ardhi ya uwanda wa Serengeti hadi kina cha mita 90 hivi, ukaacha kuta zenye matabaka ya majivu ya volkano na udongo wa ziwa la zamani. Mjerumani Hans Reck, aliyefika mwaka 1913, aliyapa matabaka hayo namba, la Kwanza likiwa chini. La Tatu ni jekundu; hata mtalii asiyejua lolote hulitambua akiwa ukingoni. Mchimbaji Mary Leakey alipoliona fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus, Julai 1959, lilikuwa katika Tabaka la Kwanza. Mwaka 1961 ukatangazwa umri wake: miaka milioni 1.75. Kilichopimwa ni madini ya volkano ya tabaka lile, wala si mfupa. Fuvu lilipata umri kutokana na mahali lilipolala, na ndiyo maana mfupa uliookotwa bila kujulikana ulitoka tabaka gani hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Kwingineko hakuna mto wa kusaidia, inabidi mtu ashike sururu. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton na wenzake walichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe. Walikuta mabaki ya misikiti mingine iliyoutangulia, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti na udongo, tangu karne ya 8. Tuseme wazi, miti hiyo ilikwishaoza zamani. Kinachosalia ni tundu la nguzo: udongo ulioingia pale nguzo ilipokuwa, mweusi kidogo, laini kidogo kuliko wa pembeni. Jicho lisilofundishwa hupita hapo bila kuona kitu.

Ili tofauti hizo zionekane, ukuta wa shimo hunyooshwa kwa timazi, kisha hukwanguliwa kuanzia juu kwenda chini, ili vumbi la juu lisichafue palipokwisha kusafishwa. Hunyunyiziwa maji kidogo, kwa kuwa rangi zilizofifia kwa jua hurudi udongo ukilowa. Hapo mchimbaji hutumia ncha ya mwiko kuchora mipaka ya matabaka, akipapasa pia, maana mara nyingine kidole huhisi mchanga kabla jicho halijauona.

Kazi ngumu ni kulitambua shimo ndani ya shimo. Mtu wa karne ya 14 alichimba choo, kikapita matabaka ya mababu zake, kikajaa taka. Kigae cha bakuli lake sasa kimelala mita mbili chini, sambamba na vitu vilivyomtangulia kwa karne nyingi. Anayehesabu kina peke yake atadanganyika. Anayesoma ukuta ataufuata ukingo wa choo kupanda juu mpaka aone kilianzia tabaka gani: choo ni kichanga kuliko kila tabaka kililolikata, na ni kikongwe kuliko lile lililokifunika. Kaa wa pwani na mizizi ya minazi nao huvuruga, na hawaachi ukingo ulionyooka.

Mwisho hufungwa uzi uliosawazishwa kwa pimamaji, vipimo hushushwa kwa futi ya utepe, na ukuta huchorwa kwa penseli kwenye karatasi ya milimita. Kwa nini kuchora wakati kamera ipo? Kamera hunasa kila kitu bila kuamua lolote. Mwenye penseli analazimika kuamua tabaka hili linaishia wapi, sentimita kwa sentimita. Asipokuwa na hakika, huuchora mpaka kwa vistari vilivyokatika, na atakayeusoma mchoro huo miaka arobaini baadaye, shimo lenyewe likiwa limefukiwa, atajua ni wapi hasa pa kubishana naye.