Ngoma Huponya Aliyeifikia

Sweet Dreams (2012), filamu ya Lisa na Rob Fruchtman, inawafuata wanawake wa Ingoma Nshya, kundi la wapiga ngoma lililoanzishwa Huye, kusini mwa Rwanda, na Odile Gakire Katese. Kwa desturi ngoma ilikuwa ya wanaume. Humu wajane wa mauaji ya kimbari ya 1994 wanapiga pamoja na wake wa walioua.

Ubora wa filamu ni kwamba haiifanyi ngoma kuwa dawa ya kila kitu. Baadhi ya wanawake wanafungua pia duka la aisikrimu mwaka 2010, kwani moyo hautulii tumbo likiwa tupu. Ngoma inarudisha furaha. Duka linatafuta riziki.

Wanaoisifu filamu hii huishia kwenye machozi na kusahau mlango uliofunguliwa kwa waliokatazwa. Hapa Nyarutarama, mtaa wa gofu na kuta ndefu, warsha ya sanaa ya asubuhi, hata bila kiingilio, haimfikii mlinzi wala mfanyakazi wa nyumbani aliye zamu. Tusiulize tu kama sanaa inaponya. Tuulize inamponya nani.