Dudumizi yumo kitabuni, jina lake halimo

Ukitaka kuwajua ndege wa kwetu, kitabu ambacho karibu kila mtu atakuelekeza ni kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nakala yangu ya toleo la kwanza nimetembea nayo Malampaka, kati ya stesheni ya reli na majaruba ya mpunga, mvua za Novemba zikianza. Wapenda ndege wa Ulaya husubiri majira ya kuchipua. Sisi tuna wiki hizi: kwera dume wamevaa manjano na wanasuka viota, mbayuwayu wameshafika kutoka kaskazini.

Sifa kwanza, maana kinastahili. Spishi zaidi ya 1,300, picha upande mmoja, maelezo na ramani upande wa pili. Hupekui kurasa huku ndege anaruka. Wale kasuku wadogo wa Fischer, wanaofugwa kwenye vizimba dunia nzima, ramani inakuonyesha kwamba kwao hasa ni huku kusini mwa Ziwa Viktoria.

Sasa tatizo. Kila ndege ana jina la Kiingereza na la kisayansi, basi. Mchukue dudumizi. Jina lake la Kiingereza linataja nyusi nyeupe. Nyusi! Ndege huyu anashinda kichakani. Unaweza kumsikia siku tatu usione hata unyoya. Anachokupa ni sauti, du-du-du-du inayoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, na wengi huichukulia kuwa dalili ya mvua. Aliyembatiza kwa Kiswahili alimsikiliza. Kitabu nacho kinaeleza milio, ila kwa tahajia ya Kiingereza. Zisome silabi zile Kiswahili-Kiswahili uone unapata ndege gani.

Utaniambia majina yetu hayana mpangilio, kwera mmoja anabeba spishi chungu nzima. Kweli kabisa. Lakini mkulima wa mpunga anahitaji kumtenganisha kwelea kwelea, anayeshuka kwa maelfu na kumaliza shamba, na kwera wachache wanaosuka kwenye mti wa jirani. Bila kitabu cha kumwonyesha hilo kwa lugha yake, wote wanakuwa waharibifu, na kiota chochote ni cha kuangushwa.

Kwa sasa nayaandika majina mwenyewe, kwa penseli, pembeni mwa picha. Dudumizi nilianza naye.