Farasi 8 si hoja: WRX STI au WRX S4?

Ubishi wenyewe unaujua. Weka mashabiki wawili wa Subaru kwenye meza moja, waletee chai, na kabla haijapoa mmoja ameshasema STI ina farasi 308, mwenzake amemjibu kwamba S4 ina 300 na haimchoshi mtu kwa klachi. Kuanzia hapo ni kelele tu. Lakini kwa anayetaka kununua, huu si ubishi wa kupitisha jioni. Ni akiba ya miaka inayokwenda kwenye gari ya mtumba, na injini za aina hii zikivunjika hazitengenezwi kwa pesa ya matumizi. Kwa hiyo leo tuzipime hizi mbili kwa fizikia, halafu tukuambie tungechagua ipi na kwa nini.

Kwanza tuelewane ni gari zipi. Agosti 2014 Subaru ilizindua Japani WRX mpya: bodi moja, tabia mbili. WRX STI ilipewa injini ya EJ20 ya lita 2 yenye turbo na gia sita za mkono. Kiwanda kiliiandikia farasi 308 kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika, na torki, yaani nguvu ya kusokota, ya nyutoni-mita 422 kwenye mizunguko 4,400. WRX S4 ilipewa injini mpya zaidi, FA20, nayo ya lita 2 yenye turbo, ikiwa na gia otomatiki ya CVT. Yenyewe ni farasi 300 kwenye mizunguko 5,600, na torki ya 400 kuanzia mizunguko 2,000 hadi 4,800.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Jibu la ubishi wetu limejificha pale kwenye "kuanzia 2,000", wala si kwenye 308.

Farasi ni hesabu

Nguvu ya injini haipimwi peke yake. Inatokana na torki kuzidishwa kwa kasi ya mzunguko. Ndiyo maana injini yenye torki ndogo inaweza kuandikiwa farasi wengi ikikubali tu kuzunguka haraka. Farasi 308 wa STI wanapatikana pale 6,400, ambapo torki imeshashuka hadi kama 338. Hebu jiulize: kwa siku ngapi za mwaka utakuwa kwenye mizunguko 6,400?

Sasa fanya hesabu ya barabarani. Kwenye mizunguko 2,000, torki ya 400 inaipa S4 kama kilowati 84, sawa na farasi 114. Hapo ndipo unapokuwa ukitoka kwenye mzunguko wa barabara au ukitaka kulipita lori mlimani. STI hapo chini haijaamka. Ahadi yake ya kilele iko 4,400. Ukifika hiyo 4,400, STI inatoa kama farasi 264 na S4 kama 251. Yaani hata pale STI inapojivunia torki yake kamili, imeiacha S4 kwa farasi 13.

Uzito nao? STI ina kilo 1,490, S4 kilo 1,540. Ukigawanya, STI ina farasi 207 kwa kila tani na S4 ina 195. Tofauti ipo, hatukatai. Lakini mpakie rafiki mmoja wa kilo 70 kwenye STI, na tayari imekuwa nzito kuliko S4 yenye dereva peke yake. Hoja ya farasi 8 inaweza kuzimwa na abiria mmoja.

Nairobi si Mombasa

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa pale ni karibu asilimia 82 ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inahisi pengo hilo moja kwa moja. Yenye turbo inaweza kulifidia, ndiyo maana watu wa bara huzisifu sana turbo. Lakini fidia hiyo ina bei yake.

Chukua mfano rahisi: injini inataka hewa yenye presha mara mbili ya ile ya pwani. Mombasa turbo itazidisha presha kwa 2. Nairobi italazimika kuzidisha kwa kama 2.44, kwa sababu imeanzia chini. Hewa ukiibana inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Hata turbo kamilifu, ikivuta hewa ya nyuzi 27, ingeitoa ikiwa na nyuzi 93 kwa mbano wa 2, na nyuzi 114 kwa mbano wa 2.44. Turbo halisi si kamilifu, kwa hiyo joto lenyewe huzidi hapo. Hewa hiyo hupitia kwenye kipoza hewa, ambacho kwa gari zote mbili kimewekwa juu ya injini. Gari ikitembea kinapigwa upepo. Kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni kinakalia jiko.

Hewa ya moto ikikutana na petroli dhaifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni ikapigwa kama nyundo. Mafundi wanasema injini "inagonga". Gari zote mbili zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake hufika karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari ikisikia dalili za kugonga huchelewesha cheche ya plagi ili kuiokoa injini, na nguvu inapungua. Kwa hiyo wale farasi 308 na 300 ni takwimu za Japani. Hapa kwetu wameshapungua kabla hujatoka kituoni, na tofauti ya 8 imepotelea humo.

Hapa ndipo injini zenyewe zinapoachana. EJ20 ya STI ina mbano mdogo ndani ya silinda, 8.0 kwa 1, kwa hiyo bila turbo kuamka inakuwa na usingizi, na mlimani usingizi huo unaongezeka. FA20 ya S4 ina mbano wa 10.6 kwa 1. Ingekuwa injini ya zamani tungeogopa, lakini hii hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na petroli inapogeuka mvuke humo inapoza hewa. Ndiyo maana inavumilia mbano huo na inaamka mapema. Kwa anayeishi Nairobi, Nakuru au Arusha, hilo lina maana kuliko farasi wote walioandikwa kwenye karatasi.

Ukali kwa pande zote

Sasa usidhani tumeinunulia S4 zawadi. Gia yake ya CVT haina meno ya kubadilisha. Ina puli mbili na mnyororo, na nguvu yote hupita kwa msuguano kati yao ndani ya oili maalumu. Uzuri wa mfumo huo ni kuiacha injini ikae kwenye mzunguko unaoifaa. Halafu Subaru, kwenye hali ya mchezo iitwayo S#, imeipangia CVT ijifanye ina gia nane. Hayo ni maigizo. Umenunua mashine isiyo na ngazi, kisha unaichorea ngazi ili dereva ajisikie vizuri. Na msuguano huo huzaa joto, joto linachosha oili. S4 ambayo haijawahi kubadilishwa oili ya gia kwa sababu mtu alisema "hii ni ya maisha" ni gari ya kuikimbia.

STI nayo ina haki yake. Jina hilo, Subaru Tecnica International, lilizaliwa kwenye mashindano, na kwetu tuliliona kwa macho: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. STI ina breki za Brembo, difa ya katikati ambayo dereva mwenyewe anaipangia ugumu, na gia ya mkono inayokuachia wewe uamuzi. Furaha yake ni ya kweli. Lakini EJ20 ni ukoo wa 1989, na inatumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa ufikapo kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni na valvu zinagongana. FA20 inatumia mnyororo, ingawa nayo, kwa kuwa petroli haioshi valvu za kuingizia hewa, hujenga masizi pale na siku moja utalipia kusafishwa.

Kuna wanaosema S4 haina fundi. Hoja hiyo imechakaa. Familia hiyo hiyo ya FA20 yenye turbo ndiyo iliyo kwenye Forester XT ya 2013 hadi 2018, ikiwa na farasi 280 na CVT. Forester hizo zimejaa barabarani kwetu, na palipo na gari nyingi, fundi na spea hufuata.

Unanunua tabia za aliyekutangulia

Subaru ilifunga kupokea oda za STI hii mwishoni mwa 2019. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu lakini inaongeza ushuru kwa gari kuukuu. Maana yake, STI nyingi utakazoonyeshwa zimeshakuwa na mwenyewe hapa hapa, na mara nyingi si mmoja. Fizikia yote ya hapo juu ilikuwa ya gari ambayo haijaguswa. Mtu akishaongeza presha ya turbo kwa laptopu huku anajaza petroli ile ile, hesabu imevunjika na pistoni ndizo zinazolipa.

Kwa hiyo, yadi ikikuonyesha gari, fanya haya:

Sikiliza mlio. STI hii ya Japani ilitoka kiwandani na manifoldi ya ekzosi yenye mabomba ya urefu sawa, kwa hiyo haina ule mdundo wa kukoroma wa Impreza za zamani. Ukiusikia, kuna mtu amebadilisha kitu. Muulize nini kingine alibadilisha.

Iwashe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika, mrudie siku nyingine bila taarifa. Vuta kijiti cha oili kabla ya kuwasha.

Lipia kipimo cha mgandamizo wa silinda zote nne. Usitafute namba kubwa, tafuta namba zinazofanana. Moja ikiwa chini ya wenzake, ondoka.

Tazama tairi zote nne. Tairi ya kipenyo cha sentimita 65 ikipoteza milimita 6 za kashata, inazunguka kama mara 9 zaidi kwa kila kilomita kuliko mpya. Kwenye gari inayovuta kwa magurudumu yote, tofauti hiyo humezwa na difa, usiku na mchana. Mwenye gari aliyechanganya tairi amekuambia jinsi alivyoitunza.

Omba karatasi ya mnada wa Japani, na kwa S4 omba risiti ya oili ya CVT. Maneno matupu hayapozi gia.

Tungechagua ipi?

Kwa mtu atakayeendesha kila siku, mjini na safari za mikoani, chukua S4 ambayo haijaguswa. Inaamka mapema, inavumilia mwinuko vizuri zaidi, na ina EyeSight, mfumo wa kamera unaoweza kukufungia breki ukizubaa, ambao STI haina. STI ichukue kama una gari nyingine ya kazini, unapenda gia ya mkono kwa dhati, na uko tayari kuilisha petroli bora unayoweza kupata. Kama sababu yako ni wale farasi 8 pekee, umeshaona wanavyoisha: mmoja amebaki kituo cha mafuta, wengine wameshindwa mlima.

Na kama umeipata STI safi ambayo haijachezewa kando ya S4 iliyochezewa, chukua STI bila kufikiria mara mbili. Injini nzima huishinda injini bora iliyochoka.