Heko kwa Fundi wa Nyaya Mbili

Feni kubwa ya jengo ikikatika mkanda, mota huendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Inayogundua ni swichi ndogo ya shinikizo la hewa: inaachia, na kidhibiti cha jengo kinapiga kengele. Nyuma ya taarifa hiyo yupo fundi aliyeunga nyaya mbili.

Kazi yake haina makeke, ila ina masharti. Swichi ya aina hii haileti umeme. Kidhibiti chenyewe hutoa volti chache, mara nyingi 24 au pungufu, kisha huangalia kama mzunguko umefunga. Zikiingia volti 230 za ukutani, kadi ya kidhibiti inaweza kuungua papo hapo. Ndiyo maana fundi makini hupima kwanza kwa mita, hutenganisha nyaya za ishara na za umeme mkubwa, na hubandika namba kwenye kila ncha.

Umahiri wake huonekana zaidi kwenye swichi za usalama. Huziunga ili mzunguko uwe umefunga mambo yakiwa shwari. Panya akikata waya, mzunguko unafunguka na kengele inalia.

Wanastahili pongezi mafundi hawa. Wenye majengo nao wawaite mapema, kabla dari haijafungwa.