Pitt-Rivers: Mchimbaji Dhidi ya Mkusanyaji

Augustus Pitt-Rivers (1827–1900) husifiwa kuwa baba wa akiolojia ya kisayansi nchini Uingereza. Sipingi sifa hiyo. Ninachopinga ni mazoea ya kuisimulia kazi yake kama safari moja ya kusonga mbele: askari, mkusanyaji, mchimbaji. Nikiichunguza, naona watu wawili ndani ya mtu mmoja, na hawakubaliani.

Wa kwanza ni mkusanyaji. Alizaliwa kwa jina la Lane Fox, akaingia jeshini mwaka 1845, na katika miaka ya 1850 akapewa kazi ya kufundisha matumizi ya bunduki mpya. Aligundua kwamba bunduki hubadilika kidogo kidogo, kila moja ikirekebisha iliyotangulia. Wazo hilo akalihamishia kwenye ngao, marungu na mitumbwi ya dunia nzima, akivipanga kuanzia umbo sahili hadi umbo changamano. Katika mhadhara wake wa mwaka 1875 kuhusu mageuzi ya utamaduni, safu ya vitu ikawa pia safu ya watu: wenyeji wa Australia, waliokuwa hai wakati wake, waliwekwa mwanzoni. Kosa liko hapa. Bunduki mpya kweli ilitokana na ya zamani. Rungu la Australia halikuwa hatua ya kuelekea rungu la kwingine.

Wa pili ni mchimbaji. Mwaka 1880 alirithi ardhi kubwa huko Cranborne Chase, kusini mwa Uingereza, pamoja na jina tunalomjua nalo. Huko alichimba kwa subira, akirekodi hata vigae na mifupa ya wanyama. Aliacha medali kwenye mashimo aliyoyafukia ili wachimbaji wa baadaye wajue kwamba amepita. Matokeo yalitoka katika juzuu nne kati ya 1887 na 1898. Mtu huyu alijua kwamba kitu kikiondolewa mahali pake bila kumbukumbu, habari zake nyingi hupotea.

Sasa tuwakutanishe. Majeshi ya Uingereza yalipoiteka Benin mwaka 1897 na kupora hazina za kasri, Pitt-Rivers alinunua nyingi, akazitungia kitabu kilichotoka mwaka 1900. Vitu vilivyoundwa kwa ajili ya madhabahu na nguzo za kasri vilimfikia, kwa sehemu kubwa, bila kumbukumbu ya mahali vilipokaa. Mkusanyaji alikubali jambo ambalo mchimbaji asingelivumilia shambani kwake.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Jumba la makumbusho lililoanzishwa Oxford mwaka 1884 kwa mkusanyo wake lilipanga vitu kwa umbo. Waundaji wakabaki nyuma. Wamaasai wa Tanzania na Kenya waliokwenda humo miaka ya karibuni kuzungumzia vitu vya jamii yao waliuliza, kwa maoni yangu, maswali ya yule mchimbaji: kilitoka wapi, kwa nani, na kwa njia gani?

Kwa hiyo hatuhitaji kumhukumu Pitt-Rivers kwa kanuni za leo. Kanuni zake mwenyewe zinatosha.